Falaki ya ridhaa ni nini?

Wasomaji wa habari za michezo wamelizoea neno ridhaa. Bondia wa ridhaa ni yule anayepanda ulingoni bila mkataba wa fedha, na siku akianza kulipwa husemwa kwamba ameacha ndondi za ridhaa. Neno hilo linawafaa pia watu wanaotazama nyota. Falaki ya ridhaa ni uchunguzi wa nyota, sayari, mwezi na vyombo vinavyorushwa na binadamu kwenda angani, unaofanywa kwa utaratibu na mtu ambaye riziki yake inatoka kwingine: mwalimu, fundi wa magari, muuza duka, baharia aliyestaafu. Hakuna anayemlipa wala anayemlazimisha, na usiku anaokesha ni usiku wake mwenyewe.

Kabla ya kuendelea inafaa tuitenge falaki na unajimu, kwa sababu katika mazungumzo ya kila siku hapa Mombasa mambo hayo mawili huchanganywa, na mtu akisema anasoma nyota huenda akaulizwa bahati ya mwaka ujao. Mnajimu hutazama buruji, yaani makundi kumi na mawili ya nyota, ili aseme habari za mtu. Mwanafalaki huzitazama nyota ili ajue habari za nyota zenyewe, yaani ziko umbali gani, zina joto kiasi gani, zinakwenda wapi na kwa nini mng'aro wake hubadilika. Wa kwanza hawezi kusahihishwa na anga, ilhali wa pili husahihishwa nayo kila usiku.

Kosa la pili, ambalo kwa maoni yangu lina madhara zaidi, ni kudhani kwamba ridhaa maana yake ni uchanga au ujuzi nusu. William Herschel alikuwa mwanamuziki aliyepiga kinanda kanisani katika mji wa Bath, Uingereza, na darubini yake aliitengeneza kwa mikono yake. Tarehe 13 Machi 1781, akiwa nyumbani kwake, aliona kitu ambacho mwishowe kilithibitishwa kuwa sayari ya Uranus, sayari ya kwanza kugunduliwa tangu watu waanze kuandika historia. Mwaka uliofuata mfalme wa Uingereza alimpangia mshahara, naye akaacha muziki. Kwa lugha ya ndondi, alitoka katika ridhaa akaingia katika kulipwa. Karibu na zama zetu, Thomas Bopp wa Marekani, mfanyakazi wa kampuni ya vifaa vya ujenzi ambaye hakuwa hata na darubini yake, alichungulia katika darubini ya rafiki yake usiku wa tarehe 23 Julai 1995 akaiona nyota yenye mkia ambayo Alan Hale, mwanafalaki aliyesomea kazi hiyo, aliiona usiku uleule akiwa jimbo jingine. Ndiyo maana inaitwa Hale-Bopp, na mwaka 1997 mamilioni ya watu waliiona kwa macho matupu. Tena mnamo 30 Agosti 2019, Gennadiy Borisov, akitumia darubini aliyoiunda mwenyewe yenye kioo cha upana wa sentimita 65, aligundua nyota yenye mkia ya kwanza kujulikana kwamba imetoka nje kabisa ya mfumo wa jua letu.

Sababu ya watu hawa kufanikiwa si ngumu kuielewa. Darubini kubwa za dunia ni chache, na kila saa ya matumizi yake imekwisha kupangiwa mtu miezi mingi kabla, kwa hiyo haziwezi kuachwa zikaitazama nyota moja kila usiku kwa miaka thelathini. Mtu wa ridhaa anaweza. Anga ni pana kuliko idadi ya wanaolipwa kuitazama, na mambo mengi ya angani hutokea bila kutoa taarifa.

Ni kitu gani basi kinachomtofautisha mwanafalaki wa ridhaa na mtu yeyote anayeinua uso usiku akafurahia nyota? Ni daftari. Furaha wanayo wote wawili, lakini mmoja wao huandika alichokiona, saa aliyokiona na mahali alipokuwa, ili mtu mwingine aweze kukitumia.

Nitatoa mfano nilioushuhudia. Mwishoni mwa mwaka 2019 nyota iitwayo Betelgeuse, ile nyekundu iliyo katika bega la Jabari, kundi ambalo Wazungu huliita Orion, ilianza kufifia. Kwa kawaida ni mojawapo ya nyota kumi zinazong'aa zaidi mbinguni, lakini kufikia Februari 2020 mwanga wake unaoonekana ulikuwa umeshuka hadi karibu theluthi moja ya kawaida yake. Februari ni wakati wa kaskazi, anga ya Mombasa huwa safi, na mnamo saa mbili usiku, baada ya sala ya Isha, Jabari huwa karibu kabisa na utosi. Kwa hiyo tulikuwa tukilala chali juu ya mkeka, kwenye paa la saruji la nyumba moja ya Kibokoni, Mji wa Kale, na tochi iliyofungwa kitambaa chekundu. Nyekundu ina sababu yake: jicho huhitaji kati ya dakika ishirini na thelathini kulizoea giza, na mwanga mweupe wa simu huiharibu kazi hiyo kwa sekunde moja, ilhali mwanga mwekundu hafifu huiharibu kidogo sana.

Kazi yenyewe ni ya kulinganisha. Unaitazama Betelgeuse, kisha unaitazama nyota ya jirani iitwayo Aldebaran, kisha Bellatrix iliyo katika bega la pili la Jabari, na unajiuliza inafanana na ipi. Wanafalaki hupima mng'aro kwa madaraja, na daraja dogo ndilo lenye mwanga mkubwa: Aldebaran iko karibu na 0.9 na Bellatrix karibu na 1.6. Hutakiwi kuikazia macho nyota nyekundu kwa muda mrefu, kwa maana jicho huongeza wekundu huo na kukudanganya. Unaitupia jicho tu, unahamia nyingine, unarudi. Mstari mmoja wa daftari ulisomeka hivi: «18/2/2020, saa 2:15 usiku, Mji wa Kale. Betelgeuse sawa na Bellatrix, hafifu kabisa kuliko Aldebaran. Hakuna mwezi, mawingu machache upande wa bara.» Mstari kama huo ndio falaki ya ridhaa. Peke yake hauna uzito mkubwa, lakini Marekani kipo chama kilichoanzishwa mwaka 1911 kwa ajili ya kukusanya makadirio ya namna hii kutoka duniani kote, na kwa kuyapanga pamoja wataalamu hupata historia ya nyota moja kwa zaidi ya miaka mia. Kuhusu Betelgeuse, ilibainika baadaye kwamba nyota ilitupa gesi nyingi, gesi ikapoa ikawa vumbi, na vumbi likatuzibia sehemu ya mwanga wake.

Mahali petu panatupa faida ambayo wengi hawaijui. Mombasa iko takriban nyuzi nne kusini mwa ikweta, kwa hiyo karibu nyota zote za kaskazini na za kusini hupita juu yetu katika mwaka mmoja. Tunachokosa hasa ni Nyota ya Kaskazini, ambayo kwetu imezama chini kidogo ya upeo. Mwezi wa Mei, masika yakituruhusu, mtu anaweza kusimama mahali pa wazi saa tatu usiku akaona Msalaba wa Kusini upande mmoja, kisha akageuka akaona nyota saba za Dubu Mkubwa zikiwa zimepinduka upande wa pili. Watu wa London au wa Cape Town hawana nafasi hiyo.

Wazee wetu waliitumia elimu hii katika kilimo. Kilimia, lile fungu dogo la nyota zilizosongamana, limeachiwa methali: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kuzama na kuzuka huko ni jambo halisi linaloweza kupimwa. Mwezi Mei jua hupita upande wa Kilimia, hivyo nyota hizo humezwa na mwanga wake, na hazionekani tena hadi Juni, zinapochomoza mashariki alfajiri. Mtu anayeandika kila mwaka siku ya mwisho aliyokiona Kilimia magharibi na siku ya kwanza aliyokiona tena mashariki anafanya falaki ya ridhaa bila kifaa chochote.

Shida za kisiwani nazo zipo. Taa za bandari ya Kilindini na za barabarani zimeufuta ule utando mweupe wa nyota uitwao Njia Nyeupe, na anayeutaka hana budi kwenda mbali, kwa mfano Shimoni. Unyevu wa baharini huotesha kuvu ndani ya vioo vya darubini iliyofungiwa sandukuni, na kwa sababu hiyo mimi humshauri anayeanza anunue darubini ya kushika mkononi, ile ya macho mawili, ambayo akiiegemeza ukutani itamwonyesha miezi minne mikubwa ya Mshtarii, sayari ambayo Wazungu huiita Jupiter.

Upande wa vyombo vya angani, pwani yetu ina historia yake. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya iliyokuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru kwa heshima ya siku hiyo. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza anga kwa miali ya eksirei tu, na jina lake la Kiswahili limo hadi leo katika orodha za wanafalaki. Mpenzi wa mambo haya hahitaji roketi ili ashiriki. Chombo cha Juno, kilichoanza kuizunguka Mshtarii Julai 2016, kina kamera ambayo picha zake ghafi zimewekwa wazi kwenye intaneti, na nyingi ya picha za kupendeza za sayari hiyo tunazoziona zimesafishwa na kuunganishwa na watu wa ridhaa wakiwa nyumbani kwao. Kituo cha Kimataifa cha Anga, kinachokwenda kama kilomita 400 juu yetu na kuizunguka dunia kwa takriban dakika 90, huonekana kwa macho matupu kikikatiza anga baada ya magharibi kama nyota kubwa isiyopepesa. Ukikiona kikiingia katika kivuli cha dunia na kuzimika ghafla kabla hakijafika upeoni, tazama saa, kisha uandike dakika na sekunde.