Fleti haitoi mtu barabarani, nshachoka kueleza

Juzi tena pale kwenye kahawa Mwembe Kuku, hapa Mombasa, hata kikombe cha kwanza sijamaliza, bwana mmoja anayejua kuwa kazi yangu ni planingi ya mji kwenye kaunti akanigeukia: "Nyinyi watu wa planingi, si mjenge fleti za bei nafuu hawa chokoraa watutokee mjini?" Kashata ikanikwama. Maneno haya nimeyasikia harusini, kwenye matatu, na kwa shemeji yangu kila Ijumaa baada ya biriani. Basi leo naandika, atakayeniuliza tena namtumia linki.

Ya haraka kwanza, kaunti ina uwezo gani. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yasema kila mtu ana haki ya makao yanayofaa, na Jedwali la Nne likawapa kaunti planingi na nyumba, sera ikabaki Nairobi. Lakini hati ya ardhi haitoki kwa kaunti, yatoka wizarani, ardhi ya umma iko chini ya Tume ya Ardhi, na ile 1.5% ya nyumba unayokatwa kwa mshahara yasimamiwa na bodi ya kitaifa. Kaunti imebaki na ramani, muhuri wa kupitisha plani za majengo, na esteti za zamani za manispaa kama Tudor, Khadija na Changamwe. Buxton ya zamani ishavunjwa, ni maghorofa ya ubia na mwekezaji, na nyumba zauzwa. Hapo sina la kuongeza.

Sasa hizo fleti. Sheria ya nyumba za bei nafuu ya 2024 yasema anayepata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi ni wa nyumba za kijamii, na wa 20,000 mpaka 149,000 ndiye wa bei nafuu. Kujiandikisha wataka kitambulisho na namba ya simu. Yule kijana anayelala Makadara kitambulisho hana, simu aliyokuwa nayo kaibiwa usingizini, sasa nimpange foleni ya fleti gani mie?

Lakini hata hilo silo linalonikera. Linalonikera ni kuwa watu wadhani mtu yuwaingia barabarani kwa sababu fleti ni chache. Hakuna aliyetoka fleti akalala Mwembe Tayari, wallahi, labda mmoja. Watu hutoka kwenye CHUMBA. Na chumba cha mnyonge hapa kwetu kimekuwa ndani ya nyumba ya Kiswahili, mwaijua, baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku vitatu huku, uwani kuna choo na jiko, na kila chumba kina familia yake.

Na nyumba yenyewe mara nyingi imekaa juu ya ardhi ya mwengine! Hapa ndipo watu wa bara huchoka kunielewa, na siku hizi hata vijana wetu. Kuna mwenye ardhi, kuna mwenye nyumba anayemlipa kodi ya ardhi, kuna mpangaji wa chumba, na kuna mpwa wa mpangaji anayelala ukumbini. Mambo haya yana mizizi ya 1908, sheria ya hati za ardhi ya Pwani ilipotaka watu wapeleke madai yao, aliyekuwa na karatasi na wakili akapata, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali ya Mwingereza. Baadaye manispaa ikaja kuchora ploti juu ya ardhi za watu, ikatia njia na mifereji ya maji, mwenye ardhi akabaki yule yule. Kwa hivo ukiniambia "lakini si ana nyumba yake", nakuuliza, juu ya nini?

Siku moja twafanya sevei upande wa Kisauni, bibi mwenye nyumba akanitolea risiti za kodi ya ardhi ndani ya mfuko wa nailoni, wa kabla nailoni haijapigwa marufuku 2017, zote zimepangwa kwa mwaka. Ya mwisho ilikuwa ya miezi mingi nyuma. Nikadhani ameshindwa kulipa, akacheka, "Mwanangu, pesa ninazo, agenti wa mwenye ardhi ndiye hataki kupokea." Mwili ukanisisimka. Agenti akikataa kodi, ardhi ishauzwa au yuko mbioni kuiuza, hataki karatasi inayoonyesha wewe ni mpangaji. Nyumba ile nilihesabu watu 23. Sheria ya ardhi iliyorekebishwa 2016 yawapa ilani ya miezi mitatu kabla ya kutolewa. Miezi mitatu, watu 23, haya.

Juu ya ploti kama ile hupanda ghorofa tano, fleti mbili kila ghorofa. Kwenye ripoti yetu twaandika: ilikuwa nyumba moja, sasa ziko kumi, ongezeko! Familia sita zilizokuwa humo hazimo hata moja, na hakuna safu ya kuwaandika. Nimepitisha plani za namna hiyo, zaidi ya moja, na zilikuwa sawa kisheria.

Na ile njia nyengine, ya kuboresha mitaa bila kubomoa, ile ya KISIP, mradi wa serikali wa mitaa ya mabanda, mitaro, barabara, taa za mulika mwizi? Naipenda, lakini vitabuni hawakwambii kuwa taa ikiwaka na kodi yapanda. Sheria ya kudhibiti kodi ipo, ila yamlinda mpangaji ambaye kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, hebu nitafutie chumba cha bei hiyo chenye maji. Kuna siku nachora barabara na sijui namchorea nani.

Hapo wengine huniambia, "Basi warudishwe kwao, si wa hapa." Haya. Hesabu ya 2018 ya watu wa barabarani ilipata 46,639 nchi nzima, Nairobi 15,337 na Mombasa 7,529. Ukigawa kwa sensa ya 2019 sisi ni kama 6 kwa kila watu elfu, Nairobi haifiki 4. Sheria ya uzururaji ilifutwa 1997 na bado watu hupakiwa kwenye lori, wiki mbili wako pale pale. Nilimuuliza kijana mmoja karibu na Mapembeni kwao wapi, akaniambia Majengo. Majengo! Dakika kumi na tano kwa miguu. Sasa mbona huku? "Chumba ni kimoja, mama kaolewa, na mie nshakua."

Nimekaa na jibu hilo muda. Zamani kijana akishabaleghe hulala ukumbini au barazani, hakuna aliyemuita chokoraa, na asubuhi chai anywa kwao. Fleti haina ukumbi wala baraza, ina ngazi, na kwenye ngazi kuna askari.

Yule bwana wa kahawa, kwa taarifa yenu, yeye na nduguze wamerithi nyumba ya vyumba sita na ardhi yake. Plani yao nimeiona, ghorofa saba, paking nane. Aliniuliza mwisho, kwa sauti ya chini, kama muhuri utatoka kabla ya Ramadhani.