Hay Day: panua ghala, levo itakuja yenyewe

Juzi mpwa wangu alikuja na simu mkononi, uso umemkunjamana. "Mjomba, nimefika levo 41 lakini nimekwama. Oda tisa kwenye ubao wa lori na siwezi kujaza hata moja." Nikamwambia anionyeshe ghala lake. Lina nafasi 150, na 148 zimejaa: mayai, maziwa, skrubu 22, msumari hata wa dawa hakuna. Nikacheka, naye akanuna. Mimi niko levo 34 tu, lakini ghala langu limepita nafasi 600, na lori huondoka kwangu mchana kutwa.

Hay Day ni mchezo wa simu wa kulima na kufuga, wa kampuni ya Supercell ya Finland. Ulitoka kwa iPhone mwaka 2012, ukafika Android 2013. Nimelima humo miaka kadhaa, na kosa ninaloliona kwa karibu kila mgeni anayeingia kwenye ujirani wetu, yaani kikundi chetu cha wachezaji, ni hilohilo la mpwa wangu: anakimbiza levo. Kila levo inafungua zao jipya, mnyama mpya au mashine mpya, na kuanzia hapo oda zinaanza kudai vitu hivyo vipya. Ngano na mayai bado unavihitaji, na sasa kuna keki, sweta na jemu za kuweka. Ukipanda levo huku ghala ni lilelile, unakaribisha wageni kwenye nyumba ya chumba kimoja.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua pointi za uzoefu, zile zinazokupandisha levo, zinatoka wapi. Lori na boti, vinavyobeba oda zako, vinakupa sarafu pamoja na pointi. Genge lako la barabarani, unapowauzia wachezaji wengine, linakupa sarafu peke yake. Ukitaka fedha bila kusukumwa levo, uza gengeni. Oda ya lori yenye malipo ya kichovu itupe tu, baada ya muda inakuja nyingine. Watu wanaona aibu kutupa oda, sijui kwa nini. Lori halinuni.

Sasa ghala lenyewe. Kuna stoo mbili. Kihenge ni cha mazao ya shambani. Ghala linabeba kila kitu kingine, pamoja na vifaa vya upanuzi vyenyewe, na hapo ndipo kichekesho kilipo: vifaa vya kukuza ghala vinakaa ndani ya ghala lililojaa. Kihenge kinataka misumari, skrubu na vipande vya mbao. Ghala linataka bolti, mbao ndefu na solotepu. Kila mara unahitaji idadi sawa ya aina zote tatu, na idadi hiyo inaongezeka kadiri unavyopanua. Huku mwanzoni kila upanuzi unaongeza nafasi 25. Skrubu 22 bila msumari ni takataka zinazokula nafasi. Baki na zinazotosha upanuzi unaofuata, nyingine uza, kisha fedha hizo ununulie unachokosa.

Vifaa hivi vinadondoka kwa bahati unapovuna, na bahati ukiijaribu mara nyingi inakuzoea. Ndiyo maana wakongwe wanalima ngano. Ngano inaiva kwa dakika 2, hakuna zao la haraka kuliko hilo. Panda mashamba yote, subiri, vuna, panda tena. Kila mbegu moja inakurudishia ngano mbili, kwa hiyo ukiwa na mashamba 40, kila mzunguko unakuachia ngano 40 za ziada kihengeni. Zitoe. Kisanduku kimoja cha genge kinabeba ngano 10 na bei yake ya juu kabisa ni sarafu 36, lakini mimi nikiwa kwenye kazi hii naziweka kwa sarafu 1 na kuzitangaza kwenye gazeti la mchezo. Zinanyakuliwa kabla sijavuna tena. Ninachotafuta hapo ni nafasi, na ile bolti inayodondoka katikati ya mavuno. Nusu saa ya namna hii jioni, chai pembeni, inanipa vifaa kuliko siku nzima ya kuchungulia simu kila baada ya saa moja. Bando nalo liwepo, maana bila intaneti shamba halifunguki.

Onyo moja: usiuze mbegu ya mwisho. Hapa hakuna duka la mbegu, unapanda ulichonacho kihengeni. Niliwahi kuuza soya zote kwa tamaa ya sarafu, kesho yake ng'ombe wakakosa chakula kwa sababu chakula chao ni soya na mahindi. Mchezo ukaniambia nilipe almasi, ile fedha adimu ya mchezo, ili nipande. Siku hizi kila zao naliachia akiba isiyopungua idadi ya mashamba yangu.

Usiku ni hadithi nyingine. Kulala ukiwa umepanda ngano ni kupoteza usiku. Panda maboga, yanayochukua saa 3, au pilipili, saa 4. Lisha kondoo, ambao sufu yao inataka saa 6, kisha jaza nafasi zote za mashine.

Almasi zinawatia watu wazimu. Unaziona kitufeni, unaharakisha mkate, basi zimekwisha. Mimi nazitumia kwa nafasi za ziada kwenye mashine na visanduku vya genge, vitu vinavyobaki. Kuharakisha, hapana, hata kama boti linaondoka.

Ujirani unafunguka levo 18 na una nafasi za watu 30. Tafuta ule ambao watu wanaongea. Dabi, yaani mashindano ya ujirani kwa ujirani, inaanza Jumanne, na kazi zimo kwenye ubao mmoja wa wote, kwa hiyo kazi ya pointi ndogo ifuteni mapema ili ije yenye 320, na usichukue kazi kisha ukaenda kulala nayo. Zawadi zake mara nyingi ni hivyo vifaa vya upanuzi. Na mkikubaliana kupeana bolti, iweke gengeni bila tangazo, kisha mwambie mwenzako aje upesi, maana yeyote apitaye anaweza kuichukua.

Mpwa wangu ameuza skrubu zake 15 na kupata nafasi za mayai. Jana usiku alinitumia picha ya shamba zima la ngano, na chini yake ameandika: "Mjomba, una solotepu mbili?"