Mchoro ni uleule, SQL je? Ninavyosoma masasisho ya komponenti ya kuunda kweri

Komponenti (kipande cha programu) ya kuunda kweri, yaani maombi ya data kwa hifadhidata, kwa njia ya mchoro ni mkalimani. Mhasibu anaburuta majedwali mawili, anayaunganisha kwa mstari, anatia tiki kwenye kolamu anazozitaka, nayo inamwandikia SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata. Nzuri zaidi hufanya na kinyume chake: unaipa SQL iliyoandikwa kwa mkono, inakurudishia mchoro. Toleo jipya likitoka, wengi hutazama kwanza vitufe vipya na mwonekano. Mimi huuliza jambo moja tu: mchoro uleule utatoa SQL ileile?

Nauliza hivyo kwa sababu kitufe kilichoharibika kinaonekana na mtu atalalamika siku hiyohiyo. SQL iliyokosewa hailalamikiwi. Inatoa ripoti iliyopangika vizuri, yenye namba zisizo za kweli, na watu wanaifanyia maamuzi.

Kasoro ninayoitafuta kabla ya zote ni ya LEFT JOIN, muunganisho unaobakiza safu zote za jedwali la kushoto hata zisipolingana na chochote upande wa kulia. Tuseme duka linataka orodha ya wateja wote pamoja na ankara zao za 2024, wakiwemo wale ambao mwaka huo hawakununua kitu. Mtumiaji anachora muunganisho, kisha kwenye gridi anaandika 2024 mbele ya kolamu ya mwaka. Komponenti nyingi huchukua sharti hilo na kulipeleka moja kwa moja kwenye WHERE, sehemu inayochuja matokeo baada ya majedwali kuunganishwa:

SELECT wateja.jina, ankara.kiasi
FROM wateja LEFT JOIN ankara ON ankara.mteja_id = wateja.id
WHERE ankara.mwaka = 2024

Mteja asiye na ankara anapata NULL (yaani hakuna thamani) kwenye kolamu ya mwaka, na NULL ikilinganishwa na 2024 haipiti. Anatoweka. LEFT JOIN imebaki jina tu. Matokeo ni ya INNER JOIN, inayobakiza safu zinazolingana pande zote mbili tu. Dawa ni kulihamishia sharti kwenye ON, sehemu inayosema majedwali yaunganishwe vipi.

Hapo utasema basi watengenezaji wahamishe masharti yote ya jedwali la kulia kwenye ON, yaishe. Hapana. Anayetafuta wateja ambao hawajawahi kununua huandika WHERE ankara.id IS NULL, na sharti hilo lazima libaki palepale. Ukilihamisha, hakuna ankara itakayolingana, na kila mteja ataorodheshwa kama hajanunua kitu. Mashine haiwezi kujua nia ya mtu kwa kuangalia mchoro peke yake. Kwa hiyo nikiona maelezo ya toleo yanasema tatizo hili "limerekebishwa", nataka kuona namna mtumiaji anavyopewa nafasi ya kuchagua sharti likae wapi. Kama komponenti imeamua yenyewe kimyakimya, naliweka toleo hilo pembeni.

Wakati mwingine komponenti haijaguswa kabisa, kilichobadilika ni hifadhidata. Kwa mfano, toleo la 5.7 la hifadhidata ya MySQL lilifikia mwisho wa kuhudumiwa Oktoba 2023, na wengi wakahamia 8.0. Katika 8.0 maneno kama RANK, GROUPS na SYSTEM yamekuwa maneno yaliyohifadhiwa, yaani yametengwa kwa matumizi ya lugha yenyewe. Jedwali lenye kolamu iitwayo rank lilifanya kazi bila shida kwenye 5.7, kwenye 8.0 jina hilo lisipozungushiwa alama za kunukuu (`rank`), kweri inakataliwa kwa kosa la sintaksia. Komponenti yenye orodha ya zamani ya maneno haijui kuwa inapaswa kuweka alama hizo. Hilo angalau hupiga kelele. Lililo baya zaidi ni kwamba 5.7 ilikuwa inapanga yenyewe matokeo ya GROUP BY (amri ya kukusanya safu kwa makundi), na 8.0 imeacha. Ripoti iliyokuwa na mpangilio wa miezi inavurugika bila kosa lolote kuonekana, mpaka ORDER BY, amri ya kupanga, iandikwe wazi.

Wala kuzungushia alama kila jina si suluhisho. Hifadhidata nyingine, PostgreSQL, hugeuza majina yasiyo na alama kuwa herufi ndogo, na Oracle kuwa herufi kubwa; jina lenye alama huachwa lilivyoandikwa. Ukiandika "Wateja" ndani ya alama kwenye PostgreSQL wakati jedwali linaitwa wateja, utaambiwa jedwali halipo.

Kabla ya kusasisha, nakusanya kweri zote zilizohifadhiwa na watumiaji, nazipitisha kwenye toleo la zamani na jipya, kisha nalinganisha maandishi ya SQL. Tofauti za nafasi na mistari nazipuuza. Mabano yaliyohama kati ya AND na OR siyapuuzi hata kidogo. Kweri zilizotofautiana naziendesha zote mbili kwenye nakala ya hifadhidata, nikilinganisha idadi ya safu mlalo na jumla za fedha. Inachosha kwa mfumo wenye ripoti nyingi, lakini sijaona njia nyingine ninayoiamini.

Ukikuta tofauti, mweleze mwenye ripoti kabla ya kusasisha. Marekebisho sahihi ya LEFT JOIN yataongeza wateja kwenye orodha ya mwezi ujao, na meneja ana haki ya kujua kwamba hao hawakuja leo: walikuwepo, ripoti ndiyo haikuwaonyesha.

Toleo la komponenti nalifunga hadi tarakimu ya mwisho, lisijisasishe lenyewe. Kutoka 3.4.1 kwenda 3.4.2 huitwa marekebisho madogo, ila kwa chombo kinachoandika SQL, rekebisho dogo kabisa la msimbo linaweza kubadilisha jumla ya mauzo. Na pembeni ya kila mchoro nahifadhi SQL iliyotolewa siku ripoti ilipoidhinishwa, pamoja na namba ya toleo lililoiandika.