Lucky Hand: karata zile zile, zawadi tofauti

Jacks Open na Lucky Hand ni mapacha. Mashine zote mbili za pinboli, yaani mchezo wa kupiga mpira wa chuma kwa vibao vinavyoendeshwa na vitufe, zilitoka kiwanda cha Gottlieb cha Marekani mwaka 1977, na zote mbili zina mandhari ya poka, mchezo wa karata wa kamari: jina la Jacks Open linatokana na sharti la kutofungua dau kabla hujashika angalau jozi ya magulamu. Tofauti utaikuta ukifungua kichwa cha mashine, lile sanduku la taa lililosimama nyuma.

Kwenye Jacks Open, gurudumu la kuhesabu mipira hupanda tu: wa 1, wa 2, wa 3, hadi mchezo uishe. La Lucky Hand hupanda na kushuka. Koili moja, yaani sumaku ya umeme, hulisukuma jino moja mbele. Ya pili huinua kizuizi, springi ikalirudisha jino moja nyuma. Umepoteza mpira, linashuka. Umepata alama za ushindi, linapanda, unaongezewa mpira papo hapo, badala ya mchezo wa bure unaopewa na Jacks Open.

Kisa chake ni sheria. Kuna baa za Marekani zilizokuwa zikinunua michezo ya bure kutoka kwa mteja kwa pesa taslimu, kisha zinaifuta kwenye kihesabu cha mashine. Kwa hiyo mchezo wa bure ukahesabiwa kuwa zawadi ya kamari katika baadhi ya majimbo ya Marekani, na Italia pia. Gottlieb walijibu mwaka 1960 kwa mashine iitwayo Flipper: unachoshinda ni mpira, na mpira hauuziki wala haubaki kwenye kihesabu ukishaondoka. Matoleo ya Italia yalifuata njia hiyo, na Lucky Hand pia. Hata ile bahati nasibu ya kulinganisha tarakimu ya mwisho ya alama zako na ile inayotoa mashine, inayokupa mchezo wa bure bila ustadi wowote, haimo. Kwangu mimi Lucky Hand ndio mchezo bora kati ya yote miwili, kwa sababu kila shabaha unayoizamisha inakulipa ungali umeshika vitufe.

Mwezi uliopita nililetewa Lucky Hand moja ambayo mchezo wake haukuisha. Taa za mipira zilipanda hadi 10 zikaganda. Wiring ilikuwa salama. Niliposukuma gurudumu kwa kidole lilikwenda mbele vizuri, lakini kurudi likasita kama mlango wenye kutu: mtu alikuwa amepaka grisi kwenye ekseli, ikakauka ikawa ulimbo, springi ikashindwa. Nililifungua, nikasugua ekseli kwa spiriti mpaka kitambaa kikatoka cheupe, nikalirudisha kavu. Kizuizi kilipoinuka, taa ya 10 ilizimika, ya 9 ikawaka.