Mguu wa mgonjwa wa goti HAUKANDWI: maswali na majibu

Mimi ni nesi wodi ya mifupa. Haya ni maswali wanayoniuliza wagonjwa waliobadilishiwa goti na ndugu zao, wengi ni mama zetu na baba zetu wa miaka 60 kwenda juu, na nayajibu vile vile ninavyoyajibu pale kitandani.

Kubadilishiwa goti ndo kufanywaje?
Ncha za mifupa zilizosagika zinachongwa zinavishwa chuma, katikati inawekwa plastiki ngumu. Goti halitolewi lote likawekwa jingine kama watu wanavyosimuliana. Mengine muulize daktari aliyekupasua, kazi yangu mimi inaanza ukishatoka thieta.

Mama karudi nyumbani, kigimbi kimevimba kinauma, tunamkanda maji ya moto asubuhi na jioni lakini hakishuki. Tuongeze nini?
Msiongeze kitu. Acheni kukanda sasa hivi na mumpeleke hospitali leo. Baada ya operesheni hii damu inaganda kirahisi kwenye mishipa ya ndani ya mguu, mtu amelala muda mrefu, hatembei, na mwili wenyewe uko kwenye kazi ya kuzuia damu isitoke. Bonge la damu likikaa kwenye kigimbi mguu unavimba, unauma, unakuwa wa moto, sasa na wewe unakuja na taulo lako unaminya kwenda juu, bonge linakatika linasafiri mpaka kwenye mapafu, mgonjwa anakosa pumzi ghafla na anaweza kufa hapo hapo mbele yenu.

Na tukimchua na mafuta taratibu tu, bila maji ya moto?
Hapana. Mafuta ya nazi hapana, ya nyonyo hapana, dawa ya kuchua hapana, na yule mama wa mtaani anayesifiwa ana mkono mzuri naye hapana.

Mbona bibi alikandwa akapona?
Bibi hakuwa na bonge, au alikuwa nalo Mungu akamsaidia. Kwa macho wewe huwezi kujua, hata mimi siwezi, ndo maana tunapima mishipa kwa ultrasaundi. Tena nimempokea mzee kigimbi kina malengelenge ya maji ya moto, ana kisukari kwa hiyo miguu haisikii joto vizuri, wamemkanda na kumuunguza juu, na uvimbe uko pale pale.

Basi tuangalie siku mbili tatu kama utashuka?
Jamani. "Tulikuwa tunaangalia" ndo neno ninalolisikia kila wiki na silipendi. Goti lenyewe kuvimba na kuwa na joto wiki za mwanzo ni kawaida, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 15 hadi 20, nyanyua mguu, inatosha. Ila kigimbi kuuma, au mguu kuzidi kuvimba hata baada ya kulala umeunyanyua, huo siyo wa kuangalia, huo ni wa kuleta siku hiyo hiyo. Na akianza kuhema kwa shida, kifua kinachoma akivuta pumzi, anakohoa damu au anazimia, msisubiri kuche, msianze kuchemsha tangawizi, tafuteni gari.

Tunazuiaje sasa hilo bonge?
Atembee. Anasimamishwa siku ile ile ya operesheni au kesho yake, na nyumbani aendelee na magongo au woka, siyo kila kitu aletewe kitandani eti ni kumheshimu mzee. Akiwa amelala achezeshe nyayo juu chini kama dereva anayekanyaga mafuta, mara 10 kila saa akiwa macho. Na dawa za kuzuia damu kuganda, ziwe sindano za tumboni au vidonge, amalize siku zote alizoandikiwa, wengine wanaacha wakishajisikia wazima na bonge linakuja wiki inayofuata. Akitoa choo cheusi au damu ya pua isiyokata arudi haraka.

Anakataa dawa za maumivu, anasema zinaharibu figo.
Alizoandikiwa anywe, nusu saa hivi kabla ya mazoezi, maana mwenye maumivu hakunji goti na goti lisilokunjwa linakakamaa. Zinazoharibu ni zile mnazoongeza wenyewe, diklofenaki ya dukani juu ya dawa ya kuzuia damu kuganda, tumbo linavuja damu.

Tumemwekea mto chini ya goti apumzike.
Utoeni. Anasikia raha sasa hivi lakini goti linazoea kujikunja halinyooki tena, atatembea anachechemea na goti jipya la mamilioni. Mto unakaa chini ya kisigino, goti linaning'inia linanyooka lenyewe, na litauma kidogo ndiyo.

Kidonda je?
Kikae kikavu. Msipasue kapsuli mkamwagia unga wake, msipake asali. Nyuzi zinatolewa kati ya siku ya 10 na 14. Usaha, harufu, wekundu unaopanuka au homa ya 38 kwenda juu, rudi siku hiyo.

Choo chetu ni cha kuchuchumaa, na anataka kusali.
Kuchuchumaa kwa sasa hapana. Fundi seremala akate tundu kwenye kiti imara cha mbao, kiwekwe juu ya shimo, na ukutani apigilie mbao ya kushikia. Kusali asali amekaa kwenye kiti. Ngazi akipanda atangulize mguu mzima, akishuka atangulize wa operesheni, na mtu asimame upande wa chini yake, siyo asimame tu huku anachati.