Usianze na swali la kabila

Nilipoanza kurekodi masimulizi ya historia kwa wazee wa Zanzibar nilipewa karatasi ya maswali iliyopigwa chapa mjini. Bibi wa kwanza nilimkuta barazani kwake Ng'ambo. Alianza kunisimulia harusi yake hata sijamuuliza, wajukuu wanacheka, mambo mazuri. Kisha nikaikumbuka karatasi. "Bibi, kabila lako?" Akaitazama mashine, akawatazama wajukuu, akanambia, "Mwanangu, andika Mzanzibari, kisha unywe chai yako." Upande wa pili wa ile kaseti ni sauti ya vikombe.

Kosa lilikuwa langu. Unguja na Pemba swali hilo lina historia yake, na wazee wanaijua kuliko sisi wenye mashine. Waingereza walihesabu watu kwa makabila, na hesabu zenyewe zina kichekesho ndani yake. Katika sensa ya 1924 watu wengi walijiita Waswahili. Katika ile ya 1931 Waswahili wamekaribia kwisha, na hakuna tauni iliyopita. Walibadili jina tu. Utumwa ulikuwa umepigwa marufuku 1897, na neno "Mswahili" lilikuwa limeanza kunuka utumwa, basi mtu akajiandikisha Mshirazi, Mhadimu, Mtumbatu au Mwarabu, kwa kadiri ya alivyoweza kulitetea jina lake mbele ya majirani. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili mgao wa chakula ukafuata kabila, na mchele haukuwafikia wote sawasawa. Zikaja siasa za vyama, kisha Mapinduzi ya Januari 1964. Wangazija, watu wenye asili ya Visiwa vya Komoro, waliojiona wenyeji kabisa wakatakiwa kuthibitisha uraia wao. Sasa mtu aliyeyaona hayo yote unamuuliza kabila mbele ya wajukuu, na taa nyekundu ya mashine inawaka!

Siku hizi nauliza mambo mengine. Mnazikana wapi? Siku ya khitma nani alikuwa akisimamia chungu, na kulipikwa nini? Bibi yako akikasirika alikuwa akitukana kwa lugha gani? (Hili halijapata kunivunjia mazungumzo.) Ukoo hutoka wenyewe: nyanya aliyeletwa kutoka Manyema, babu Mshihiri, Mwarabu wa Hadhramaut, aliyekuwa akiuza kahawa, shangazi aliyeolewa na Mngazija, jirani wa Kigoa aliyekuwa akiwashonea nguo za Idi. Nyumba moja, na hakuna fomu ambayo ingeitosha.

Majina ya mitaa nayo ni hazina. Ng'ambo ni ng'ambo ya hori lililoutenga Mji Mkongwe na upande wa pili. Hori limefukiwa, daraja halipo, Darajani imebaki. Muulize mzee wa Michenzani pale paliitwaje na nani walikaa pale kabla ya majumba ya maendeleo kujengwa, utapata ramani ya vibanda, visima na vilabu vya ngoma ambayo haimo katika mafaili.

Lakini mahali palipohifadhi mengi zaidi ni pale watafiti wengi wa historia huona haya kwenda: kwenye ngoma za pepo. Kibuki ni pepo wanaosemwa kuwa wametoka Buki, yaani Madagaska, wakapitia Ngazija. Wanakunywa brandi, wanapigiwa kayamba na makofi, na nyimbo zao zimejaa maneno ya Kibuki na Kingazija ambayo waimbaji wenyewe, wengi wao wanawake, hawawezi kuyafasiri neno kwa neno. Wanayatunza yalivyo. Wapo pia pepo wa Kihabeshi, na wa Kirubamba wanaohesabiwa wa Pemba. Kila kundi lina chakula chake, nguo zake, adabu zake. Ukitaka kujua watu wa kisiwani waliwaonaje wageni waliofika kwa majahazi, kaa usiku mmoja na fundi wa kibuki, yaani kiongozi wa ngoma hiyo. Mimi huomba ruhusa mara mbili, kwa fundi na kwa wenye viti (wale wanaopandwa na pepo), na wakinikataza kurekodi naweka mashine mkobani. Kuna nyimbo nilizozisikia ambazo hazimo popote katika kazi zangu, na zitabaki hivyo.

Wazee hawapatani, na hilo lisiwatishe. Kizimkazi msikiti una maandishi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107, ukutani. Na kijijini utasimuliwa habari za mfalme Kizi na fundi wake Kazi aliyekatwa mkono asijenge tena mfano wake. Mimi nimeisikia kwa namna tofauti, na zote nimeziweka, kila moja na jina la kijiji, tarehe na nani alikuwapo akisikiliza. Mwanafunzi wangu mmoja alitaka kuziunganisha ziwe "hadithi moja iliyo safi". Nilimkatalia.

Kuandika sauti kuwa maneno ndiko kunakoua zaidi. Mzee wa Makunduchi akisema Kikae, lahaja ya kwao, kijana wa mjini anamwandika kwa Kiswahili cha skuli bila kujua kuwa anamfasiri. Baraza la Kiswahili la Zanzibar (BAKIZA) limechapa kamusi za Kimakunduchi, Kipemba na Kitumbatu. Uwe nazo mezani, na bado umrudie mzee umsomee.

Mashine yenyewe nitaisema kwa ufupi. Rekodi kwa faili ya WAV, si ile inayobanwa na simu. Zima feni, hata kama mtatoka jasho. Taja mwanzoni mahali, siku na waliokuwapo. Weka nakala tatu, moja iwe nje ya kisiwa. Hewa ya chumvi haina huruma: nina kaseti za miaka ya 1980 zilizoota ukungu mpaka utepe umegandana, na baadhi yake hazikuandikwa hata jina la kijiji.

Nakala moja wape wenyewe. Nilipompelekea mzee wa Malindi, mtaa wa Mji Mkongwe, sauti yake, mjukuu akaituma kwa jamaa zao Maskati. Baada ya siku tatu nikaletewa sauti ya dakika arubaini kutoka huko, ya dada yake aliyeondoka 1964: "Kaka anasema kisima kilikuwa nyuma ya nyumba. Si kweli. Kilikuwa mbele, mimi ndiye niliyekuwa nikiteka maji." Nimeziweka pamoja, faili mbili, namba moja.