Mtu wa kujitenga: maana yake na sababu ya kushukiwa

Mtu wa kujitenga, kwa maana ambayo Watanzania wengi wanaielewa, ni yule anayeweza kuchangamana na wenzake lakini hachangamani nao, au anachangamana kwa kiasi kidogo kuliko wanavyotarajia. Uzito wote wa maelezo hayo uko katika neno la mwisho, kwa kuwa kujitenga hakupimwi kwa saa ambazo mtu anakaa peke yake bali kwa matarajio ya wanaomzunguka. Mchungaji anayeshinda na ng'ombe porini huko Bahi bila kuzungumza na yeyote hahesabiwi kuwa amejitenga, ilhali mtumishi anayeishi katikati ya mtaa uliojaa watu, ambaye akirudi kazini hufunga geti na haonekani msibani, atahesabiwa hivyo hata kama kutwa nzima alikuwa akihudumia wananchi dirishani. Upweke ni jambo jingine kabisa. Huo ni uchungu wa kukosa watu, nao unaweza kumpata hata mtu aliyezungukwa na ndugu. Shirika la Afya Duniani lilipounda tume ya kushughulikia uhusiano wa kijamii mwezi Novemba 2023, lilikuwa na uchungu huo akilini, si hiari ya mtu kutulia nyumbani kwake.

Historia ya Ugogo, yaani nchi ya Wagogo katika eneo la Dodoma, inasaidia sana kuelewa ilikotoka shaka ya watu juu ya anayejitenga, kwa sababu inaonyesha kwamba kuishi mbali na wengine hakukuwa kosa. Kabla ya Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, iliyowakusanya watu katika vijiji vya ujamaa, kaya nyingi za Wagogo zilikuwa zimetawanyika, tembe moja, yaani nyumba ya paa bapa la udongo, ikiwa mbali na nyingine ili mifugo ipate malisho ya kutosha. Kilichomfunga mtu na wenzake ni kudaiana. Baadhi ya ng'ombe wake walilala katika zizi la rafiki au shemeji, naye aliwatunza wa wengine. Shamba lake lililimwa na majirani waliokuja na majembe yao, akawanywesha pombe ya nafaka, kisha zamu ya mwenzake ilipofika akaenda naye. Katika nchi yenye msimu mmoja tu wa mvua, takribani Desemba hadi Aprili, ambako kwa mwaka hunyesha wastani wa kati ya milimita 500 na 600 na ambako mvua inaweza kulowesha kijiji kimoja ikaruka cha jirani, madeni hayo ndiyo yaliyokuwa akiba. Ng'ombe waliogawanywa katika mazizi manne hawafi wote kwa ukame mmoja.

Njaa kubwa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, kati ya mwaka 1917 na 1920, ilikuja baada ya majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza kuchukua nafaka, mifugo na wapagazi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na mvua zikakosekana juu ya hayo. Katika hali kama ile, mtu asiyemdai yeyote wala kudaiwa na yeyote hakuwa na mlango wa kubisha hodi, na wengine nao hawakuwa na sababu ya kubisha kwake. Naona hapo ndipo penye kiini cha jambo hili. Jamii haikuogopa ukimya wa mtu. Ilimwogopa mtu aliye nje ya mzunguko wa kusaidiana, kwa sababu siku ya shida hakuna ajuaye atasimama upande gani.

Sababu nyingine inahusu habari. Majirani hujuana kwa mambo madogo: nani ameitikia "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, asubuhi, nani amekopa chumvi, mtoto wa nani ana homa, nani amepata mgeni kutoka Mpwapwa. Kutokana na mambo hayo kila mtu hujengewa picha, na picha hiyo humwezesha jirani kukisia mwenzake atatenda nini kesho. Asiyetoa habari zake hana picha, na akili ya binadamu haivumilii nafasi tupu inapohusu mtu anayelala mita chache kutoka mlangoni pake, kwa hiyo huijaza, na kwa kawaida huijaza kwa hofu. Ndiyo maana husemwa kwamba simba mwenda kimya ndiye mla nyama.

Jambo la kuangaliwa kwa makini ni kwamba hofu inayoijaza nafasi hiyo haifanani kwa watu wote. Mwanamume mwenye fedha asiyezoeana na watu ataitwa frimasoni, na kijana asiye na kazi inayojulikana atadhaniwa mwizi au muuza bangi. Mwanamke aliyepanga nyumba peke yake atahojiwa kimyakimya kuhusu wanaume wanaomtembelea, hata kama hakuna anayemtembelea. Mjane mzee ataitwa mchawi. Watu wote hawa wametenda jambo moja, yaani kukaa peke yao, lakini kila mmoja amepewa hatia iliyokwisha kuandaliwa kwa ajili ya watu wa aina yake, jambo linaloonyesha kwamba tuhuma hiyo inawaeleza watuhumu zaidi kuliko inavyomweleza mtuhumiwa.

Kwa mjane mzee matokeo yake yamekuwa mauaji. Nchini mwetu, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, vikongwe wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi, na mara nyingi ushahidi uliotajwa ni macho mekundu ya mtu aliyepika kwa kuni maisha yake yote. Sheria ya Uchawi imekuwapo tangu mwaka 1928, lakini sheria haiwezi kumzawadia bibi kizee watoto waliohamia mjini wala majirani wa kumtetea. Wengi wa akina mama hawa hawakujitenga kwa hiari, bali walibaki wenyewe baada ya kufiwa na kuhamwa, kisha wakaadhibiwa kana kwamba walichagua.

Makosa ya namna hiyo hutokea pia kwa wagonjwa. Mtu mwenye sonona huacha kutoka nje, huacha kupokea simu na hukwepa mikusanyiko, na hizo ni dalili za ugonjwa wenye tiba. Inasikitisha kwamba hapa Dodoma, penye Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili ya Mirembe, jina la hospitali hiyo bado hutumiwa mitaani kama tusi la kumrushia mtu mkimya, badala ya kuwa anwani ya kumwelekeza anayehitaji msaada.

Shaka yenyewe, hata pale inapoeleweka, hailindi sana. Tapeli hawezi kufanya kazi akiwa amejifungia ndani. Anahitaji kuzoeleka, kuchekesha watu na kuaminiwa na kikoba kizima. Anayempiga mke wake anaweza kuwa mtu anayependwa sana kijiweni. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na methali hii inapingana waziwazi na ile ya simba, ingawa huikumbuka mtu baada ya kuumizwa tu.

Hata hivyo siwezi kusema kwamba jamii haina haki ya kudai chochote. Msiba ni mfano ulio wazi. Asiyehudhuria misiba ya wenzake huambiwa kwamba siku yake atajizika mwenyewe, na kuna mahali ambapo majirani hususia kweli, wakawaacha wafiwa wahangaike na kaburi na maji ya kupikia. Kuwaadhibu wafiwa kwa tabia ya marehemu ni ukatili, lakini dai lililo nyuma yake ni la haki: kaburi katika ardhi ngumu ya Dodoma huchimbwa na watu, na kama kila mtu atafunga geti lake hakuna litakalochimbwa.

Dai hilo linajaribiwa upya sasa. Mkoa wa Dodoma ulikuwa na watu wapatao milioni 2.08 katika sensa ya mwaka 2012, na milioni 3.09 katika ile ya mwaka 2022, baada ya Serikali kuanza kuhamia huku mwaka 2016. Katika maeneo mapya kama Iyumbu na Nzuguni, mtu anaweza kuishi ndani ya ukuta wake, akatuma mchango wa msiba kwa simu, jina lake likasomwa katika kundi la WhatsApp la mtaa, na hakuna anayeijua sura yake. Vijana wengi huona kwamba mtu huyo ametimiza wajibu. Wazee wengi hawakubali, na hoja yao ni nzito: fedha hizo zinanunua sanda na unga, lakini wao walikuwa wakihesabu nani alikuja kukaa na wafiwa, kwa sababu anayekuja ndiye watakayeweza kumwita usiku.